Simu Haimjui Nyoka

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, Kaimosi, mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, waendeshaji boda boda na wakulima. Waliokosa kufika waliniomba niiweke yote, nami nimeiandika jinsi nilivyoisema, ila salamu za itifaki nimezifupisha.

Mheshimiwa Chifu, mchungaji wetu, mama zangu na baba zangu, wahudumu wa afya ya jamii mliotembea tangu alfajiri, na nyinyi vijana wa boda boda mliosimama pale mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: mulembe!

Nawashukuru. Nimekuja kuzungumza juu ya nyoka na juu ya simu. Nianze kwa swali. Nani hapa, tangu mvua hizi zianze, hajatumiwa picha ya nyoka kwenye WhatsApp na kuulizwa, "Huyu ni yupi? Ana sumu?" Inueni mikono. Naona mikono mitatu tu. Ukumbi mzima, mikono mitatu.

Na siku hizi, kabla hujamuuliza mtu, unaiuliza simu. Unapiga picha, unafungua programu, na kabla hujavuta pumzi ya pili inakuletea jina la Kilatini pamoja na asilimia. Asilimia 91. Asilimia 97. Picha safi kando yake, maelezo chini yake. Nani atabisha?

Leo nataka tubishe kidogo. Sikuja kuwaambia mzifute programu hizo. Mimi ni afisa wa kliniki, nimetibu watu walioumwa na nyoka miaka kumi na tisa, na simu yangu ina programu mbili za aina hiyo. Nazitumia. Lakini kuna mahali pa kuzifungua na kuna mahali pa kuzifunga, na anayechanganya mahali hapo pawili anaweza kumpoteza mtu.

Kwanza niwape sifa yenu. Jina la Kaimosi limo katika vitabu vya sayansi, tena kwa sababu ya nyoka. Mwaka 1936 mtaalamu wa wanyama watambaao, Arthur Loveridge, alimpa nyoka mmoja wa miti jina la mahali hapa: Dendroaspis jamesoni kaimosae. Kaimosae, yaani wa Kaimosi. Ni nyoka wa jamii ya mamba. Si mamba wa mtoni, ni mamba nyoka, ndugu yake koboko. Mwili wake ni kijani kilichofifia, tumbo limepauka, na mkia wake ni mweusi. Ushikeni huo mkia mweusi, tutaurudia.

Basi jambo la kwanza. Simu haimjui nyoka. Simu inajua picha.

Nisikilizeni vizuri hapa. Walioitengeneza akili unde hii, AI iliyomo ndani ya programu, hawakuipeleka msituni. Waliionyesha picha, maelfu kwa maelfu, kila moja ikiwa na jina lake. Hii ni chatu, hii ni kifutu, hii ni swila. Ikatazama rangi, mistari, madoa, umbo la kichwa, hata majani ya nyuma, hadi ikajifunza kwamba picha yenye sura fulani huenda na jina fulani. Hivyo tu. Haijawahi kusikia kifutu akipuliza. Haijui kama nyoka aliye mbele yako ni mrefu kama kiatu au mrefu kuliko wewe, kwa sababu kwenye picha vyote hutoshea katika kiganja kimoja.

Na kuna shida kubwa kuliko hiyo. Mnaukumbuka mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, kabla haujaondolewa baada ya ule wa mwisho mwaka 2023? Swali, halafu A, B, C, D. Ulikuwa lazima upake rangi kisanduku kimoja. Palikuwa na mahali pa kuandika "sijui"? Hapakuwa. Mtoto asiyejua lolote naye alipaka. Programu nyingi za kutambua nyoka ziko hivyo hivyo. Kila moja ina orodha ya majina iliyofundishwa, na picha yako lazima iingie kwenye jina mojawapo. Nyoka asiyekuwamo kwenye orodha atapewa jina la jirani yake. Ukiipiga picha kamba ya kufungia ng'ombe, nayo huenda ikapewa jina la ukoo. Ile asilimia 91 haisemi kwamba kati ya mara mia itakuwa kweli mara tisini na moja. Inasema kwamba, katika majina inayoyajua, hili ndilo linalofanana zaidi na picha yako.

Sasa jiulizeni: picha ilizofundishiwa zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwa watu wenye kamera nzuri, intaneti ya kutosha na wakati wa kutembea wakitazama wanyama. Marekani. Ulaya. Australia. Nyoka wa bustani wa Marekani ana picha nyingi ajabu. Na yule kifutu mwenye pembe wa Kenya, anayeishi kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, kule Naivasha na Elementaita karibu na Nakuru, wala hapatikani nchi nyingine yoyote duniani? Picha zake ni za kuhesabu. Mwanafunzi aliyeonyeshwa kitu mara chache anakikumbuka vipi?

Niwaambie yaliyompata kijana mmoja si mbali na Shamakhokho. Hayupo hapa, na hata angekuwapo nisingemtaja. Aliona nyoka kwenye mti wa avokado nyuma ya jikoni kwa mama yake. Kijani. Mwembamba. Ametulia. Akampiga picha akiwa chini ya mti, akaikata picha ili kibaki kipande chenye kichwa na shingo, akaiweka kwenye programu. Huduma ya mahali (location) kwenye kamera alikuwa ameizima, kwa hiyo programu haikujua kama yuko Vihiga au Virginia. Ikamjibu: nyoka wa kijani wa Amerika Kaskazini, hana sumu, anakula wadudu. Asilimia 91.

Kijana akafurahi. Akaenda kutafuta fimbo ndefu ya kumshushia, amshike mkononi, wenzake wamchukue video. Bahati nzuri dada yake alinitumia picha mbili, ile iliyokatwa na nyingine ya mti wote. Nikaikuza ile ya pili kwa vidole. Tawi. Majani. Tunda moja la avokado lililoliwa na ndege. Na nyuma ya tunda hilo, ukining'inia kama uzi, mkia. Mweusi. Mweusi kana kwamba umechovywa kwenye masizi ya sufuria.

Nilipiga simu, sikuandika. Nikamwambia dada mtu, mwambie aachane na huo mti sasa hivi, mtoke wote nyuma ya jikoni, watoto waingizwe ndani. Halafu nikaituma picha kwa mtu anayewajua nyoka kuliko mimi, naye akanithibitishia. Alikuwa ni yule wenu, wa Kaimosi. Jioni alikuwa ameshajiondokea mwenyewe kurudi kwenye miti ya mtoni. Hakuna aliyeumwa, hakuna aliyeuawa.

Kosa lilikuwa la nani? Programu ilijibu kwa picha iliyopewa, na kijana aliamini alichoambiwa. Lakini tazameni vitu vilivyomwokoa: picha ya pili iliyoonyesha mwili wote, na mtu aliyejua yuko wapi. Jina la mahali ni nusu ya utambulisho wa nyoka. Ndiyo maana programu zilizo makini kama iNaturalist hutazama pia mahali picha ilipopigwa, na jibu la kompyuta huwa ni pendekezo tu, hadi watu wengine walitazame na kukubaliana. Hilo ndilo napenda. Mashine inapendekeza, watu wanathibitisha.

Jambo la pili. Makosa hayalingani uzito.

Mama mmoja wa kwetu aliingia kwenye kibanda cha kuku akamkuta nyoka wa kahawia mwenye madoa amejikunja, anasugua magamba yake yakitoa sauti ya kuchacha kama mafuta kwenye kikaango. Mwanawe akapiga picha kutoka mlangoni, programu ikasema ni kifutu wa usiku, ana sumu. Nyoka akauawa kwa jembe. Nilipoletewa picha, nikaona ni nyoka mla mayai. Huyu hana sumu. Hana hata meno ya kuzungumziwa. Anameza yai zima, analivunjia kooni, anatema ganda. Kujikunja kule na sauti ile ni kuigiza tu. Anajifanya kifutu ili aachwe.

Programu ilikosea, na mimi nilimsikitikia yule nyoka, kwa sababu alichokula hapo ni mayai mawili matatu. Lakini mama na mwanawe walilala salama. Sasa ligeuzeni kosa hilo. Nyoka ni kifutu kweli, na simu inasema ni mla mayai. Mtoto anamshika. Je, makosa haya mawili ni sawa?

Hata watengenezaji wenyewe wamelijua hili. Kuna mashindano ya kimataifa ya programu za kutambua nyoka kwa picha, yanaitwa SnakeCLEF. Mwaka 2023 waandaaji walibadilisha namna ya kutoa alama. Programu ikimchanganya nyoka asiye na sumu na mwingine asiye na sumu, adhabu ni moja. Ikimwita asiye na sumu kuwa ana sumu, adhabu ni mbili. Lakini ikimwita mwenye sumu kuwa hana sumu, adhabu ni tano. Tano! Na katika mashindano hayo, makubwa kama yalivyo, spishi zilikuwa zaidi ya 1,700. Duniani tuna takriban 4,000. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya nyoka wa dunia hawakuwamo hata kwenye karatasi ya mtihani.

Nami nawapa kanuni yangu, mwipokee au mwikatae, lakini ndiyo ninayoishi nayo. Simu ikisema "ana sumu", iamini, kaa mbali. Simu ikisema "hana sumu", kaa mbali vilevile. Nimesema nini? Kaa mbali vilevile! Jibu la simu lisimsogeze mtu yeyote hata hatua moja kuelekea kwa nyoka. Litumike kujifunza. Litumike kumtuliza bibi aliyemwona ukukwi mwembamba akipita uani, kwamba huenda ni huyu asiye na shida, tumwache apite. Litumike kumnusuru nyoka na jembe. Ndugu zetu wa Nyakach, kule Kisumu, wana chatu wao Omieri ambaye wazee humhusisha na mvua na mavuno mema. Wao walijua kumwacha nyoka apite kabla hapajawa na simu. Lakini jibu la simu lisitumike hata siku moja kuamua nani ashikwe.

Sasa jambo la tatu, na hapa nitakaa, kwa sababu ndilo lililonileta.

Mtu akishaumwa, picha si matibabu.

Nilikuwa darasa la sita. Kaka yangu alikuwa akikata majani ya napia jioni, miguu mitupu, akahisi kitu kama mwiba mkubwa kwenye kifundo. Akapiga kelele. Wanaume wakaja mbio. Na unajua walifanya nini? Walianza kumtafuta nyoka. "Daktari atataka kumwona," wakasema. Walifyeka lile shamba lote la napia kwa kurunzi. Mama alikuwa amekaa chini na kichwa cha kaka mapajani. Baba mdogo alikata kipande cha tyubu ya baiskeli akamfunga pajani, akakaza kwa nguvu zake zote, kwa upendo wake wote. Nilimwona akikaza. Saa mbili zilipita. Wakampata, kifutu, mnene kama mkono wangu, wakamuua, wakamtia kwenye gunia, ndipo wakatafuta gari.

Tulipofika hospitalini, baba aliinua lile gunia. Mhudumu hakulitazama. Aliuliza, "Ameumwa saa ngapi? Hii tyubu imefungwa tangu saa ngapi?" Hayo ndiyo maswali mawili aliyouliza. Kaka yangu alikatwa mguu chini ya goti. Yu hai, namshukuru Mungu, ana posho mill yake na watoto wanne. Lakini mimi nilisomea kazi hii kwa sababu ya zile saa mbili.

Kwa nini nawaambia? Kwa sababu siku hizi hatuendi na gunia. Tunakwenda na simu. Na naona kosa lile lile likirudi katika nguo mpya. Mtu ameumwa, na watu wamezunguka wakihangaika kumpiga picha nyoka. Picha haionekani vizuri, wanamfuata kichakani wapige nyingine. Bando limekwisha, wananunua bando. Programu imesema hivi, nyingine imesema vile, wanabishana. Saa zinakwenda. Hizo saa mbili za napia nimeziona tena, ila sasa zina mwanga wa kioo cha simu.

Mtaniuliza: lakini daktari si anahitaji kujua ni nyoka gani? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba mara nyingi tunatibu kile tunachokiona kwa mgonjwa. Kope zinalegea, sauti inabadilika, anashindwa kumeza: hiyo ni sumu inayoshika neva, na ninatayarisha namna ya kumsaidia kupumua. Mguu unavimba na ngozi inatoa malengelenge: hiyo ni sumu inayoharibu nyama. Fizi zinatoka damu: damu imeacha kuganda. Na hilo la damu tunalipima kwa njia nyepesi kuliko programu yoyote. Tunachukua damu kidogo, mililita mbili hivi, tunaitia kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, tunaiacha wima dakika 20 bila kuigusa. Kisha tunaiinamisha taratibu. Ikibaki imeshikana, vizuri. Ikimiminika kama maji ya rangi, tunajua tunapambana na nini. Chupa ya kioo na saa ya ukutani. Na dawa zenyewe, antivenomu nyingi za Afrika zimetengenezwa dhidi ya nyoka kadhaa kwa pamoja, hazingoji jina moja.

Je, picha haina maana kabisa? Ina maana. Kama ilishapigwa kabla, au mtu mwingine aliye mbali na salama aliipiga bila kuchelewesha safari, njoo nayo. Kuna nyoka wa miti anayeitwa boomslang, jina la Kiafrikaans lenye maana hiyo hiyo ya nyoka wa mti, ambaye antivenomu ya kawaida ya nyoka wengi haimgusi. Anahitaji yake peke yake. Hapo picha nzuri inaweza kunisaidia kupiga simu mapema. Lakini picha ije na mgonjwa. Mgonjwa asingoje picha.

Na kwa kuwa nimemtaja boomslang, niwape kisa cha mtu mmoja wa Chicago. Aliitwa Karl Schmidt, bingwa wa nyoka, mtu aliyeutumia umri wake kwenye makumbusho makubwa ya kule. Septemba 25, 1957, bustani ya wanyama ya mji huo ilimletea nyoka mchanga amtambue. Sikilizeni: kazi yenyewe ilikuwa kutambua. Nyoka alikuwa mkononi mwake, hai, si pichani. Alifanana na boomslang. Lakini gamba moja la chini, karibu na mkia, ambalo kwa boomslang huwa limegawanyika, kwa huyu lilikuwa zima. Schmidt akasita. Katika kusita huko, nyoka akamwuma kidole gumba. Jino moja tu ndilo lililoingia sawasawa.

Akafyonza jeraha, akapanda treni kwenda nyumbani. Akaandika katika daftari lake jinsi alivyojisikia, saa baada ya saa: kichefuchefu, baridi na kutetemeka, homa, damu kwenye fizi. Asubuhi akajisikia nafuu, akala kifungua kinywa. Hakwenda hospitalini. Mchana wa siku ya pili alikuwa amefariki. Alikuwa na miaka 67.

Bingwa, na nyoka mkononi, na vitabu vyote vya dunia rafuni, alitiwa shaka na gamba moja. Simu yako, na picha ya mita kumi, gizani, nyoka nusu yuko kwenye majani, itakupa uhakika wa kumlaza mgonjwa nyumbani?

Vijana wa boda boda, hapa nawageukia. Msidhani niliwaalika mjaze ukumbi. Kule Nepal, kusini mashariki mwa nchi ile, walipanga waendesha pikipiki wa kujitolea wawapeleke walioumwa moja kwa moja kwenye kituo chenye dawa. Mgonjwa katikati, dereva mbele, mtu wa tatu nyuma amemshikilia. Mshikaki, kama mnavyouita. Pamoja na hilo waliwafundisha wanavijiji. Vifo kati ya walioumwa na kuingiwa na sumu vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi asilimia 0.5. Hawakuwa na akili unde. Walikuwa na mafuta kwenye tangi, na kila mmoja alijua ni kituo gani chenye dawa. Wahudumu wangu wa afya, hilo ndilo la kuandika kwenye simu mlizopewa tangu 2023: kituo gani kina antivenomu wiki hii, na nambari ya nani ya kupiga kabla ya kuondoka. Ulizeni kila wiki, kwa sababu dawa huisha.

Ya kufanya papo hapo mnayajua, nitayapita haraka. Mtoe mgonjwa karibu na nyoka. Mtulize. Vua pete, bangili, kiatu, kabla hajavimba. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kwa leso, kisichezecheze, wala leso isibane. Akitapika au akisinzia, alazwe ubavu. Usichanje. Usifyonze. Usitie mafuta ya taa wala lile jiwe jeusi. Na tyubu ya baiskeli, jamani, tyubu ibaki kwenye baiskeli. Aliyetemewa na swila machoni, asifikiche. Mwagieni maji safi, mengi, dakika kumi na tano na zaidi, kisha hospitali.

La mwisho ni namna ya kupiga hiyo picha, kwa sababu najua mtapiga, na mimi nataka mpige. Bila picha zetu, mashine haitawajua nyoka wetu kamwe. Kila picha nzuri kutoka Vihiga, Kakamega, Nandi, ikiwa na mahali na tarehe, ni somo kwa programu itakayotumiwa na wajukuu wenu. Nendeni pia Makumbusho ya Kisumu mkawatazame nyoka walio hai nyuma ya kioo. Jicho lililozoea linaona kuliko lililosoma.

Lakini simameni mbali. Swila anarusha sumu mita mbili hadi tatu, na analenga uso, ambapo ndipo mnapoinua simu. Mita tano ndicho kiwango cha chini, ni kama hatua saba za kawaida. Kuza kwa kamera, miguu ibaki ilipo. Piga mwili wote kwanza, kichwa kwa upande kikionekana, mkia ukionekana. Usiikate picha. Usimzibe njia ya kutorokea. Usimnyanyue kwa kijiti ili tumbo lionekane, hata kama amekufa, kwa maana kichwa cha nyoka aliyeuawa bado kinaweza kuuma. Akiingia kichakani, mwache na kichaka chake; picha imekosekana, basi. Washa mahali kwenye kamera. Na mkinitumia kwa WhatsApp, itumeni kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na ule uandishi wa mahali hupotea njiani.

Nimeongea sana na chai inapoa. Lakini kabla ya chai, tutoke nje kidogo. Chini ya ule mgrevilea nimelaza kipande cha tyubu ya baiskeli, nimekifunika nusu kwa majani, na nimeweka jiwe jeupe mita tano kutoka hapo. Kila mmoja asimame kwenye jiwe, apige picha tatu, aniletee. Vijana wa boda mtangulie, kwa kuwa mmesimama muda mrefu.